Koti la Shahinaz

Makoti ya madaktari yalikuwa kumi na mawili, yangali na joto la pasi, na mikono ya Widad ilijaa. Kumi na moja aliyabeba, moja akalivaa. Lilikuwa la Daktari Shahinaz, jina limetariziwa kwa uzi wa buluu mfukoni, nalo lilimkaa kama alishonewa yeye.

Hilo ndilo lililomuuma. Walisoma shule moja hapa Tanta, ila Shahinaz alikuwa binti wa mkurugenzi wa elimu. Siku ya mtihani wa kemia, msimamizi alichukua karatasi ya Widad, akampelekea Shahinaz anakili, akairudisha muda umekwisha. Widad alikosa nafasi ya udaktari kwa alama mbili. Mwaka wa kumi na tano huu anafua hospitalini, na hajapata kupiga pasi jina lile bila kijicho.

Kwenye ukumbi wa watoto, watu walikuwa wamekaa sakafuni tangu alfajiri. Daktari Shahinaz alikuwa bado kwenye kliniki yake binafsi mjini.

"Daktari! Mungu akuweke, daktari wetu!" Mzee wa shamba, Haji Metwalli, alimdaka mkono akaubusu. "Mjukuu wangu tangu jana hawezi kuinamisha shingo. Kila nikiuliza, subiri. Nisubiri mpaka nimzike?"

Widad alifungua mdomo aseme kwamba yeye ni dobi. Akaufunga. Daktari! Neno lilikuwa tamu, Mungu amsamehe, na lingekuwa lake kama si wezi. Akaweka makoti kando, akainama, akamgusa mtoto. Mwili unawaka moto, shingo imekakamaa kama ubao.

"Huyu aingie ndani sasa hivi," alimwambia muuguzi, msichana mgeni wa juma lile. "Tafuteni daktari yeyote aliyepo."

Muuguzi alisoma jina mfukoni. Hakuona ajabu daktari kuagiza daktari. "Sawa, daktari."

Machela ikaja mbio. Haji akamsukumia Widad kikapu cha mayai na jibini. "Pokea, mwanangu, usiniaibishe."

Kabla hajajibu, Shahinaz aliingia, miwani ya jua kichwani.

"Nani kaingiza mgonjwa bila saini yangu?"

Muuguzi alinyoosha kidole. Shahinaz alitazama koti, kisha uso, akacheka.

"Widad? Makubwa! Dobi kapanda cheo! Hebu vua."

"Nitavua. Mtazame mtoto kwanza, Shahinaz. Hali yake mbaya."

"Daktari Shahinaz. Na wewe huo wivu hauishi tu?"

"Hauishi," Widad alisema, akifungua vifungo. "Na sababu unaijua."

Shahinaz alimgeukia muuguzi. "Mtoe huyo mtoto. Aandikishwe upya, afuate foleni. Hospitali ina utaratibu wake."

Haji Metwalli alimkodolea macho Widad, aliyebaki na gauni lililolowa maji ya sabuni. Akamnyang'anya kikapu, akakiweka miguuni pa Shahinaz.

"Tusamehe, daktari. Sisi watu wa shamba, hatujui. Tapeli huyu katuhadaa."

Akaushika mkono wa Shahinaz, akaubusu mara mbili. Nyuma yake walikuwa wanamshusha mtoto kwenye machela, wanamlaza chini, mwisho wa foleni.