Sajini Amehamia Kahama

Ukiwauliza watu wa Muyinga, huku Burundi, wa rika langu Sajini yuko wapi, watakwambia yuko Kahama, kule Tanzania, ana duka la vitenge, ameolewa na Mnyamwezi na amenenepa. Watakwambia hivyo bila kucheka. Sajini ni mwanamke wa ndani ya gemu. Hajawahi kuuza kitenge hata kimoja.

Aliyempeleka Kahama ni Egidius, mwenye sali ya video, chumba cha kuonyeshea filamu na gemu, nyuma ya soko. Egidius alikulia kambini Tanzania, akarudi na Kiswahili cha redioni na Kiingereza cha kuombea maji. Alikuwa na mabenchi, televisheni moja kubwa ya mgongo, na gemu nyingi, ila iliyokuwa ikijaza sali ni moja tu, tuliyoiita Kapteni. Kapteni ana meli inayopita kati ya nyota. Anapigana na watu wa mabati, halafu wakimaliza kupigana wanaongea. Jamani wanaongea. Na wewe uliyeshika manete, kile kidude cha kuchezea, unachagua Kapteni ajibu nini, na kila jibu lina matokeo yake huko mbele. Yote Kiingereza.

Kwa hiyo Egidius alifanya kama wanavyofanya wale wanaotafsiri filamu. Alichukua mikro, yaani kipaza sauti, akasimama pembeni ya televisheni, akawa anawasemea wote kwa Kiswahili, kila mtu na sauti yake. Mmoja anacheza, sali nzima inasikiliza. Mimi nilikuwa nauza sambusa na chai mlangoni, hivyo miaka ile yote nilisikia kila neno bure.

Nilichopenda zaidi ni pale picha ilipokuwa inakwama. Mashine ilikuwa nzee. Kapteni akifika kwenye mlango wowote, inabidi usubiri ifikirie. Egidius hakuachia kimya hata siku moja. Hapo ndipo alipotupa habari za mtaa: nani kapeleka mahari wapi, nani kaonekana anashuka kwenye pikipiki ya nani. Kuna waliokuja kwa ajili ya milango tu.

Sasa Sajini. Kuna mahali meli inazingirwa, na lazima mtu mmoja abaki nje kushikilia geti ili wengine waondoke. Anabaki Sajini. Siku ya kwanza Egidius alitafsiri kama ilivyo: amebaki, meli imeondoka, ameungua. Vita vyetu havikuwa vimepoa bado. Pale kwenye mabenchi kila mtu alikuwa na mtu wake aliyebaki nyuma ya geti fulani. Walisimama benchi moja baada ya jingine, wakapita mbele yangu wakitazama chini, na sambusa zote zikabaki kwenye beseni.

Kesho yake mchezaji mwingine akafika pale pale. Leonardi, aliyekuwa akibeba watu kwa baiskeli, akauliza kutoka nyuma, "Na Sajini?" Egidius akanywa chai kwanza. Akasema, "Sajini amehamia Kahama." Watu walicheka mpaka nikaingia ndani kuona kuna nini. Tangu hapo ikawa desturi. Kila aliyekufa kwenye meli ile alipewa mahali pake: daktari alikwenda Kigoma kuuza viatu, rubani akarudi Kasulu kulima maharage. Na kila mara lazima Leonardi aulize kwanza, na lazima Egidius anywe chai kwanza.

Mwaka jana Egidius alianguka akiwa anapigilia misumari benchi. Presha. Mi nilishahamia Gitega, kwa sababu binti yangu Layla alipata kazi wizarani. Simu ilipokuja nilisema sawa, nikarudi kuchambua mchele. Na mtu akinijua atashangaa, maana mimi ni wa kulia. Nalia kwenye misiba ya watu nisiowajua, wenye msiba wananituliza mimi. Kwa Egidius nilikwenda Muyinga, nikasalimia, nikakaa na wanawake, nikarudi. Ilikuwa kama jino lililochomwa sindano: unaligusa kwa ulimi, unajua lipo, lenyewe halisemi kitu. Hata lile neno sikuwahi kulitoa mdomoni. Nikiulizwa nasema tu Egidius hayupo.

Basi siku za kuganduka zikakaribia, ile siku ya kuondoa msiba, na Jovina mke wake akanipigia. Alikuwa na jambo. Siku ya mazishi Leonardi alichuchumaa mbele ya Happy, mtoto wao wa mwisho, akamwambia asilie, baba yake amehamia Kahama. Nilikuwepo. Wote tuliokuwa karibu tulitaka kutabasamu, maana lilikuwa ndilo neno zuri kuliko yote tuliyokuwa nayo. Hakuna aliyefikiri kwamba mtoto wa miaka saba hajui desturi za sali. Happy alilichukua kama lilivyo.

Sasa, Jovina aliniambia, mtoto anashuka mpaka yanapoegeshwa malori ya kwenda mpakani Kobero, anawauliza madereva kama wanalijua duka la Egidius. Ana begi lake tayari. Juzi dereva mmoja alikuwa ameanza kumpandisha, kwa wema wake, akidhani anapelekwa kwa baba. Jovina amemweleza kwa kila njia, na mtoto anamjibu kwamba mama hajui, Sajini pia yuko huko, sali nzima inajua.

"Tukishaganduka hakuna atakayelia tena wala kueleza," Jovina akasema. "Nataka aambiwe kabla. Na aambiwe kwenye sali, palepale ilipotoka Kahama yenyewe. Mimi hanisikii, Mama Layla. Shika mikro wewe. Mdomo wako haujawahi kukwama."

Nikasema sawa.

Layla aliitafuta gemu, akaipata kwenye kompyuta. Kumbe wameitengeneza upya, wameing'arisha, watu wazima wa dunia nzima wanairudia siku hizi. Jumapili akaiunganisha na televisheni yetu, na nyumba yangu mnaijua, ikajaa kabla chai haijachemka. Houssein fundi cherehani alikaa mbele kabisa, akasema mimi kwa umri wangu ningetafuta tamthilia. Baada ya nusu saa alikuwa anamfokea Layla asiache Kapteni apite bila kukagua sanduku.

Sijui nilitegemea nini. Zamani watu wa kwenye meli walikuwa na nyuso kama viazi vilivyomenywa, na midomo ilikuwa inafunguka wakati wameshamaliza kusema. Sasa wana vinyweleo. Wanatoa jasho. Na milango haikwami tena. Kapteni anagusa, unafunguka, ameshapita. Nilikuwa kila mara nimeshafungua mdomo kuweka habari ya mtu, habari inabaki na mimi. Houssein alisema hayo ndiyo maendeleo.

Layla alikuwa ananitafsiria neno kwa neno. Nikagundua kwamba nusu ya nilichokuwa najua hakimo. Kapteni hana mama mkwe. Yule mwenye kofia hakumkopesha mtu ng'ombe. Wanachoongea kweli ni vita tu, nani amri yake, nani alaumiwe. Nilisikiliza kama mtu anayesomewa taarifa ya hali ya hewa ya mji mwingine.

Tukafika kwenye geti. Yakatokea majibu matatu ya kuchagua. Layla akachagua la kwanza, Sajini akabaki. Nikamwomba arudi nyuma achague la pili. Sajini akabaki. La tatu ndiyo hivyo hivyo, ila aliaga vizuri zaidi. Nikamwambia atafute la nne.

"Mama, hakuna la nne."

"Egidius aliwaokoa wote."

"Egidius alikuwa na mikro, mama."

Picha ilikuwa imesimama kwenye uso wa Sajini. Ule uso wa kiazi ungeweza kuupeleka Kahama, ungeweza kuupeleka popote. Huu mpya ulikuwa uso wa mtu. Niliona Layla ananichungulia kama nalia, na Houssein naye. Nikanyanyuka kuongeza maji kwenye chai.

Muyinga tulifika siku moja kabla, nikakaanga sambusa na wanawake wa pale mpaka beseni likajaa kama zamani. Asubuhi wenzetu walikwenda misani, wakarudi, hotuba zikatolewa, pombe ya mtama ikawekwa katikati na mirija yake, sisi Waislamu tukapewa Fanta. Halafu, kabla ya neno la mwisho la kuganduka, tukavuka kwenda sali. Ile mashine nzee ilishakufa, Layla alikuja na kompyuta yake. Mabenchi yalikuwa yale yale, na lile la mwisho lilikuwa bado na msumari uliopinda.

Leonardi alinivuta pembeni kabla sijaingia. Sasa ana pikipiki na mvi. Alisema amesikia nilichotumwa, na ananiomba niache.

"Mtoto anakula, analala, sababu Kahama iko. We ukiitoa utamwekea nini? Na we si ndiye uliuza sambusa kwa Kahama ile ile?"

Nikamwambia malori yanaondoka kila siku, na siku moja dereva hatamrudisha. Akasema atamchunga yeye. Nikamuuliza mpaka lini. Alikwenda kukaa nyuma kabisa. Na mimi, kusema kweli, maneno yake nilikwenda nayo mpaka kwenye mikro. Nilisimama nikiwa sijui nitasema lipi. Layla alikuwa na manete mkononi. Happy alikuwa benchi la mbele na mama yake, begi juu ya magoti.

Nilianza vibaya. Milango ilikuwa inafunguka upesi, nami nakatika katikati ya sentensi. Watu wakaanza kunidai habari, mmoja akasema Egidius angeshatuozesha watu wawili hapo. Kwa hiyo nikawatupia Leonardi na mjane wa Kinyinya anayemfulia mashati. Sali ikacheka, ikakaa sawa, sauti yangu ikapata njia. Niliwasemea wote, Kapteni, rubani, watu wa mabati. Nikamrudishia Kapteni mama mkwe wake. Nilikuwa najisikia naongea vizuri, kama unavyomsikia mtu wa chumba cha pili.

Geti likafika. Layla alichagua lile la kuaga vizuri. Sajini akabaki nje, geti likafungwa, meli ikanyanyuka, moto ukajaa kwenye televisheni. Sali yote ikawa inamngoja Leonardi aulize. Leonardi alikuwa anatazama viatu vyake.

Happy ndiye aliyeuliza. "Na Sajini?"

Mtu alikuwa ameniwekea chai pembeni, kwa desturi. Niliitazama, sikuinywa.

"Sajini amekufa," nikasema. "Alibaki nje ashike geti. Meli ikaondoka, yeye akafa."

Nilijikuta natazama mlango, kama siku ile, nione nani anatoka. Hakuna benchi lililosimama.

"Siyo Kahama?"

"Kahama hayuko. Ni baba yako alisema hivyo, ili watu wasiondoke."

Alifikiri. Alimtazama Leonardi, na Leonardi kwa mara ya kwanza akanyanyua uso, akatikisa kichwa kwamba ndiyo, ni kweli, hakuna Kahama.

"Na baba?"

Nilikuwa bado nimeshika mikro, kwa hiyo ilisikika mpaka nje kwenye mirija ya pombe.

"Baba yako naye amekufa, Happy. Yuko pale tulipomzika, kwenye mikaratusi. Hakuhama."

Ilitoka mdomoni kama mtu anayetaja bei ya sambusa. Nilingoja nione kitakachonipata, baada ya mwaka mzima wa kulikwepa neno lile. Hakikunipata kitu. Happy alimgeukia mama yake, Jovina akamwambia ndiyo. Basi mtoto akalitoa begi kwenye magoti, akalisukuma chini ya benchi kwa mguu, akalaza kichwa kwa mama yake. Alilia kidogo kidogo, bila sauti, Jovina akimfunika kwa kitenge. Leonardi akatoka nje, yeye peke yake, na tukamsikia huko akilia kwa niaba ya wote.

Layla akaniuliza kwa macho kama azime. Kabla sijajibu Happy akasema kutoka ndani ya kitenge kwamba tuendelee, anataka kuona Kapteni anafika wapi. Tukaendelea. Mbele daktari akapigwa risasi, sali ikanitazama. Nikasema, "Daktari amekufa." Rubani alipofika zamu yake nikasema hivyo hivyo. Walikaa mpaka mwisho, na mwisho wenyewe si mkubwa: Kapteni anasimama dirishani, anatazama nyota, majina ya waliomtengeneza yanapita.

Watu walipotoka nilibaki kupanga mabenchi, na lile begi lilikuwa bado pale chini. Nikalifungua kumtolea Jovina vitu. Lilikuwa na sweta, ndala za Egidius, na sambusa zangu mbili zimefungwa kwenye karatasi, za njiani. Nikakaa nikala moja. Ilikuwa imepoa, na haikuwa na chumvi. Kumbe beseni zima sikuwa nimetia chumvi, watu wote wale walikula, na hakuna hata mmoja aliyeniambia.