Shimo la Moto Nyuma ya Jiko la Bibi

Itangazwe kwa heshima zote: shimo la moto lililoko nyuma ya jiko la Bibi Specioza, hapa Itiryo, nimelichimba mimi, Boke binti Mseti, mwanafunzi wa kidato cha tatu aliye likizo. Wanaosema Baba mdogo Konstantino alisaidia hawajakosea sana. Alisimama karibu akitoa maoni.

Haja ilikuwa ya Bibi. Mwezi wa sita huku kwetu ni baridi, na Bibi huota moto jikoni, ndani ya moshi, mpaka macho yanavimba. Nilipofika kutoka shule alinitambua kwa sauti, si kwa sura. Jioni hiyo nikamwambia Baba kwamba nitamjengea Bibi mahali pa kuota moto nje. Baba akaacha kutafuna.

"Wewe?"

Swali hilo lilikuwa na historia. Likizo iliyotangulia niliwatangazia asubuhi kwamba askofu angepita kula mchana, na majogoo wawili wakapoteza maisha kabla ukweli haujajulikana. Zaidi ya hapo, kiangazi kilichopita moto wa uani kwa jirani uliteketeza mabua yake yote ya mahindi, na tangu siku hiyo Baba alikuwa amepiga marufuku kuwasha moto nje.

"Siku moja tu," akasema mwishowe. "Nitakuja kukaa hapo mwenyewe. Cheche ikiruka ikashika kitu, au kaa moja likibaki hai tukienda kulala, nafukia hilo shimo kwa samadi, na bibi yako anarudi jikoni."

"Unafukia na mchimbaji?" akauliza Baba mdogo.

"Nitaanza na yeye."

Nilikagua uani nikiwa nimefunga mikono nyuma, kama mkuu wa shule anayepita mabwenini. Karibu na ghala la mtama, nikakataa. Chini ya mparachichi wenye matawi ya kuinama, nikakataa. Ubavuni mwa jiko lenye paa la nyasi, nikakataa kwa masikitiko. Nikachagua sehemu ya wazi kuelekea zizi la ng'ombe, nikalima nyasi zote mpaka udongo ukabaki mtupu pande zote, ili cheche ikitua isipate cha kula. Halafu nikachimba shimo la kufika magotini.

Hapo ndipo Baba mdogo alipotokea na toroli la mawe ya mtoni, laini, ya mviringo, yanang'aa.

"Haya ndiyo mawe," akasema. "Siyo yale mabonge unayookota mlimani."

"Shikamoo, Baba mdogo."

"Marahaba. Usinibembeleze. Pokea mawe."

"Mawe ya mtoni yana maji ndani. Yakipata moto yanapasuka."

"Jiwe lina maji? Hayo ndiyo mnayofundishwa huko bwenini?"

Kwa ruhusa ya Baba, nikawasha kimoto ndani ya shimo, nikatia jiwe moja zuri kuliko yote, nikafunika kwa bati kuukuu na kuwaamuru wote wajifiche nyuma ya ukuta wa zizi. Tukasubiri. Baba mdogo alikuwa bado anacheka shimo liliposema PAA! na bati likaruka upande.

"Baruti!" akapiga kelele akiwa amechuchumaa. "Ameweka baruti huyu! Boke, umeitoa kwa wachimba dhahabu?"

"Acha kumsingizia mtoto, mura, kijana mzima wewe," Bibi akamjibu kutoka jikoni. "Ni jiwe lako limekujibu."

Baba mdogo akalisukuma toroli lake kuelekea mlimani, kuokota mabonge.

Jumamosi, jua likielekea kuzama, nikafungua rasmi. Mawe makavu ya mlimani yalizunguka shimo. Viti vilikaa mbali kidogo, na pembeni kulikuwa na ndoo ya maji, ndoo ya mchanga na chepe. Niliwasha kwa vijiti vikavu, bila mafuta ya taa, na moto ukabaki mdogo, wa adabu. Bibi akatoka akiwa amejifunga blanketi. Akakaa. Akaangaza macho huku na huku.

"Kumbe Konstantino umeota mvi!"

"Mama, hizi ni za juzi tu."

"Za juzi, na zimejaa hivyo?"

Tulichoma viazi vitamu, tukacheka. Baba hakucheka. Alikuwa anafuatilia kila cheche kwa macho, kama msimamizi wa mtihani wa taifa.

Giza lilipoanza kuingia, upepo ukaamka. Bibi akachukua chepe na kuanza kuyavuta majivu juu ya makaa, polepole, kama anayemfunika mtoto aliyelala. Ndivyo alivyofanya jikoni kila jioni tangu alipoolewa. Asubuhi hufukua, akapuliza, moto ukaendelea. Nikainua ndoo ya maji.

"Weka chini!" Baba mdogo akasimama. "Unamwaga maji kwenye moto wa mama?"

"Moto wa mji huu nilipewa na mama mkwe wangu," Bibi akasema taratibu. "Haujawahi kumwagiwa maji."

Kuni zile niliziwasha kwa kijinga cha moto kilichotoka jikoni kwake. Kwa hiyo ulikuwa moto wake kweli. Nikimwaga, Bibi hatakaa hapa tena. Nisipomwaga, makaa yatabaki hai chini ya majivu, upepo utayafukua, na ghala liko upande ule. Baba alinitazama bila kunisaidia. Mimi huwa na utani kwa kila jambo. Wakati ule niliuweka chini, pamoja na ndoo.

"Bibi," nikasema, "moto umekaa nje vya kutosha. Tuurudishe ndani ulale."

Akanikabidhi chepe. "Urudishe."

Nikachota makaa makubwa kwa chepe, nikayatia kwenye karai la chuma. Baba mdogo akatangulia na tochi akiondoa viti njiani, Bibi akafuata, nami nyuma yao na karai langu, kama tunamsindikiza bibi harusi. Jikoni Bibi akayapokea, akayaweka katikati ya mafiga yake, akayafunika mwenyewe kwa majivu.

"Haya," akasema akijipangusa mikono. "Huko nje sasa kumebaki kuni tu. Mwaga."

Nilimwaga kidogo kidogo, nikakoroga kwa fimbo, nikamwaga tena mpaka sauti ya kuchemka ikaisha. Baba akainuka. Akachutama, akautumbukiza mkono wake kwenye lile tope mpaka kifundoni, akapapasa kona zote. Akautoa ukiwa mweusi na baridi, akaupangusa kwenye koti la Baba mdogo.

"Kaka!"

Baba alishageukia shimo. Alikuwa anayatazama mawe, moja baada ya jingine.

"Boke," akasema, "wanaume tunaokaa kule mlangoni mwa zizi na sisi tunapigwa na baridi. Utatuchimbia kama hili. Mahali utachagua wewe, mimi nitabeba mawe."

Nikamjibu kwa heshima kwamba nitaangalia ratiba yangu. Baba akacheka, kwa mara ya kwanza jioni ile, akabeba ndoo zote mbili kuzirudisha ndani.