Sakafu ya Mama Mkwe

Nyumba ya kina Hoshina ilikuwa na korido moja ndefu yenye kona moja, kutoka mlango wa mbele hadi jikoni, na korido hiyo ilisifika mtaa mzima. Mbao zake zilikuwa na umri mkubwa kuliko mtu yeyote aliyekuwa hai, rangi yake kama chai iliyokolea, na hazikuwahi kupakwa dawa ya dukani. Fusae alifundishwa kuzisugua na mama mkwe wake wiki ya kwanza ya ndoa. Unashona kifuko cha pamba, unakijaza pumba laini za mchele, unapiga magoti, unasugua kufuata mkondo wa ubao, na huachi mpaka uone uso wako. Mama mkwe naye alifundishwa na wa kwake. Bibi harusi wa nyumba ile hakupimwa kwa mapishi wala kwa watoto. Alipimwa kwa korido. Sasa Fusae alikuwa na miaka sabini na miwili, mama mkwe amebaki picha juu ya madhabahu ya wahenga, lakini kila mwisho wa Desemba, nyumba zote zinaposafishwa kuupokea mwaka, bado alisugua kama mtu anayesimamiwa begani.

Mwaka ule alirudia mara tatu. Mumewe Shokichi, seremala mstaafu wa milango ya kusukuma, alipita pembeni kwa hatua fupi fupi, mkono ukutani.

"Mama Natsuko, hii ni sakafu au kioo cha kunyolea?"

"Nyoa ukitaka, mzee. Usidondoshe nywele tu."

Akacheka, akavaa viatu vya mpira, akatoka kuzoa theluji mbele ya nyumba.

Mbwa wao aliitwa Gobo, kwa jina la mzizi ule mrefu wa kahawia unaochimbwa bustanini na kukatwakatwa kwenye mchuzi, kwa sababu ndivyo alivyokuwa: mrefu, mwembamba, miguu mifupi kama vipande vya fimbo. Alikuwa na miaka kumi na moja. Binti yao Natsuko aliwaachia alipohamia jiji la Sendai, na tangu siku hiyo mbwa alimchagua Shokichi. Mzee akitoka, Gobo hulala na pua kwenye ufa wa mlango wa chumba. Mzee akirudi na kukung'uta viatu kwenye kizingiti, Gobo hukimbia korido nzima kumpokea.

Siku hiyo Shokichi alikung'uta viatu, na Gobo akakimbia. Fusae alikuwa ameketi upande wa jikoni, kifuko cha pumba mkononi, akiitazama kazi yake na kuridhika. Alimwona mbwa akipita juu ya taswira yake mwenyewe mle sakafuni. Kwenye kona miguu ya nyuma iliteleza kwenda upande mmoja, kifua kikaenda upande mwingine. Gobo alilia mara moja tu, kilio kifupi. Kisha akajivuta kwa miguu ya mbele mpaka kwa Shokichi, na nyuma yake miguu ile mingine ikamfuata kama kitu kisicho chake.

Daktari wa mifugo wa pale mjini, Kuwabara, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, alikuwa anakaribia kufunga kwa sikukuu. Alimlaza Gobo mezani, akaubana ukucha wa mguu wa nyuma kwa koleo dogo. Hakuutazama mguu, aliyatazama macho ya mbwa. Alibana tena, kwa nguvu zaidi. Gobo akageuza kichwa polepole, akautazama mguu wake kwa mshangao.

"Bado anasikia," daktari alisema. "Kidogo, lakini anasikia. Tushike hapo."

Aliwaeleza kwamba kati ya pingili za uti wa mgongo kuna vijifuko laini, na kimoja kimepasuka na kuukandamiza mshipa mkuu wa fahamu. Upasuaji hufanyika Sendai, lakini moyo wa Gobo ulikuwa na mlio mbaya tangu miaka miwili nyuma, na asingethubutu kumtia usingizini. Ilibaki njia ndefu: wiki sita ndani ya kizimba, asiruke, asikimbie, na wao wamkamue mkojo kwa mikono mara tatu kwa siku, kwa kuwa kibofu nacho kilikuwa kimelala. Aliishika mikono ya Fusae, akaiweka tumboni mwa mbwa, akamwonyesha mahali. Kilikuwa kama chungwa dogo chini ya ngozi.

Halafu akauliza, huku akiandika, sakafu ya nyumbani ikoje. Inateleza?

Fusae alifungua mdomo. Shokichi alimtangulia.

"Ya kawaida tu, daktari. Vyumba vyetu ni vya mikeka."

Ilikuwa kweli. Vyumba vilikuwa vya mikeka. Daktari akasema vizuri, mikeka haitelezi, akaandika, na hakuuliza tena. Fusae aliinamisha kichwa. Alijua mumewe amemsitiri, kama mtu anavyomfunika mwenzake koti mvuani bila kusema neno, na alijua pia kwamba koti la namna hiyo huwezi kulivua mbele za watu.

Walimweka Gobo kwenye chumba cha mikeka karibu na meza fupi yenye hita, na mlango wa kusukuma ukafungwa. Korido ikabaki ilivyo.

Wiki hizo Fusae aliwaza mara nyingi kutandika mablanketi ya zamani pale koridoni. Kabatini yalikuwapo manne. Lakini kila alipoyashika aliona kwamba kuyatandika ni sawa na kusema kwa sauti, mimi ndiye niliyemvunja mbwa wako, na Shokichi angelazimika kujibu kitu. Aliyarudisha. Upande wa pili, Shokichi naye alikuwa na mikono ya seremala na muda mwingi, na asubuhi moja alionekana akiipima korido kwa macho. Hakufanya kitu. Akitandika yeye, mkewe angeona analaumiwa. Basi kila mmoja alimwonea mwenzake huruma, na sakafu ikaendelea kung'aa katikati yao.

Siku ya tatu ya mwaka mpya, bibi wa nyumba ya jirani alikuja kusalimu. Alisimama kwenye kizingiti, akavua viatu, akaitazama korido na kupumua.

"Hata mwaka huu mtu anajiona uso. Marehemu mama mkwe wako analala vizuri huko aliko."

Fusae alimshukuru kwa kuinama, kama inavyopasa. Aliinama muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Nyuma ya mlango Gobo alibweka mara moja, akanyamaza.

Kazi ya mbwa aliifanya kwa utaratibu. Saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa mbili usiku alimkamua mkojo, Shokichi akishika kichwa. Kila baada ya kumkamua aliikunja na kuinyoosha miguu ya nyuma mara ishirini ishirini, kama mtu anayepiga pampu ya baiskeli taratibu. Alisugua nyayo zake kwa mswaki laini ili zikumbuke ardhi. Kila Jumatano walimpeleka kwa daktari, na kila Jumatano koleo lilipobana, Gobo aligeuka haraka zaidi.

Wiki ya tatu mkia ulitikisika. Ulikuwa mtikisiko mdogo tu wa ncha, na Shokichi alidai ni upepo. Fusae akamwuliza upepo gani huo unaomjua mtu, maana ulikuja pale pale yeye alipoingia. Wiki ya nne Gobo alisimama, taulo likiwa limepitishwa chini ya tumbo lake, Fusae akilishika juu kama mpini wa kikapu. Mwanzoni mwa wiki ya tano taulo lilianza kulegea lenyewe, kwa kuwa mbwa hakulihitaji tena lote. Alikwenda hatua nne juu ya mkeka, akiyumba kama mlevi anayetafuta geti la kwake, na Shokichi akamwambia wewe Gobo, nani amekununulia kinywaji. Usiku ule Fusae alimpigia simu Natsuko, akamwambia mbwa wako anatembea. Alilisema mara mbili ili alisikie mwenyewe.

Siku mbili baadaye, mchana, Fusae alikuwa akimnyoosha Gobo miguu nje ya kizimba. Shokichi alisukuma mlango kwa kiwiko, sinia la chai mikono miwili. Gobo alimwona. Aliinuka bila taulo, bila mkono wa mtu, akapita kando ya miguu ya mzee, akatoka koridoni. Hatua moja, ya pili, ya tatu. Wazee wote wawili walimwona, na wote wawili, kwa muda wa pumzi moja, walifurahi tu. Hakuna aliyewaza sakafu.

Halafu miguu ya nyuma ikafunguka kama mkasi.

Safari hii hakulia kabisa. Hilo ndilo lililomwogopesha Fusae.

Kwa daktari Kuwabara koleo lilibana mguu wa kushoto, likabana wa kulia, likabana tena mpaka Fusae akaumia vidole vyake mwenyewe. Gobo alikuwa akitazama chupa ya pamba juu ya rafu. Hakuna kilichomgeuza. Daktari alisubiri, akarudia, kisha akaliweka koleo chini polepole, kama kitu kinachoweza kuvunjika. Akauliza imekuwaje.

Shokichi alianza kusema mbwa ameteleza tu, bahati mbaya. Fusae akamgusa mkono.

"Sakafu yetu inateleza, daktari. Naisugua mimi, kwa pumba, miaka arobaini na nane. Mara ya kwanza aliteleza hapo hapo. Uliponiuliza nilinyamaza."

"Hukunyamaza," Shokichi alisema. "Nilisema mimi."

Daktari hakuwatazama usoni. Alisema angepaswa kuuliza mara ya pili, au kwenda kuiona nyumba kwa macho yake. Nyumba za zamani za mtaa ule anazijua. Kwa muda lawama ilizunguka pale mezani kama chakula kichache, kila mmoja akitaka fungu kubwa liwe lake. Gobo akapiga miayo.

Kisha daktari akawaambia kilichobaki. Kusikia kukipotea namna hii, kurudi ni nadra. Wengine humpumzisha mnyama kwa sindano wakati huu, na hakuna ubaya. Wengine huendelea kwa mikono, na kazi hiyo haina mwisho.

"Anaumwa?" Fusae aliuliza.

"Huko nyuma, hapana. Hakuna kinachofika."

Fusae aligeuka kumtazama mumewe. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze alimtazama bila kuficha kitu, na akaona kwamba mzee alikuwa amekwisha kumpa yeye uamuzi wote, tena si kwa kumsitiri, bali kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kuusema. Akamwambia daktari wanaomba miezi mitatu ya kuendelea kwa mikono.

Waliporudi hakuvua hata koti. Alichemsha maji, akamimina magadi ndani ya ndoo, akachukua brashi ngumu ya kusugulia masufuria, akapiga magoti kwenye mwanzo wa korido. Alisugua kukata mkondo wa ubao, sivyo alivyofundishwa. Maji yalitoka meusi. Rangi ya chai ilichujuka, na chini yake ukatokea ubao mkavu, wa kijivu, wenye mikwaruzo midogo ambayo hakuna bibi harusi wa nyumba ile aliyewahi kuiona.

Shokichi alisimama nyuma yake.

"Mama atasema nini?"

"Atasema alileta mkwe mvivu. Alishasema."

Mzee akasema, kwa sauti ya chini, "Nilidhani nakusitiri. Kumbe nilikufungia ndani."

Fusae alimsogezea ndoo. Shokichi akashusha magoti yake yaliyochakaa, moja moja, akatafuta brashi nyingine. Katika nyumba ile hakuna mwanamume aliyewahi kupiga magoti hapo. Walisugua mpaka jikoni. Iliwachukua siku mbili.

Miezi mitatu ilipita, na Gobo hakutembea tena. Koleo lilibana kila Jumatano, baadaye kila mwezi, na yeye aliendelea kutazama chupa ya pamba. Siku moja Fusae aliomba kwa upole lisibanwe tena, na daktari akakubali. Theluji iliyeyuka. Kutoka kwenye yukata ya zamani ya Shokichi, joho jepesi la pamba, Fusae alishona suruali ndogo ya kumkinga Gobo mapaja yasichubuke, na akawa anaifua kila siku. Saa kumi na mbili, saa nane na saa mbili aliendelea kuitafuta ile duara ndogo chini ya ngozi, na vidole vyake sasa viliijua gizani. Majirani waliokuja waliitazama korido, wakaongea habari za hali ya hewa.

Asubuhi moja ya Mei alikuwa jikoni akikata majani ya kitunguu aliposikia: makucha ya mbele yakigonga ubao, kisha kitambaa kikikwaruza, makucha, kitambaa. Zamani sakafu ile ilimeza kila sauti. Sasa aliweza kujua bila kugeuka kwamba Gobo ametoka chumbani peke yake, kwamba amefika kwenye kona, kwamba amesimama hapo kupumua.

Mkono wake uliachia kisu, tayari kwenda kumbeba. Shokichi, aliyekuwa mezani na gazeti, naye aliinuka nusu.

"Mwache," Fusae alisema.

Makucha yakaanza tena. Fusae alifuta mikono, akachuchumaa kwenye mlango wa jikoni, akamsubiri. Ilichukua muda mrefu. Alipotokea, kifua kikiwa kimelowa mate kwa kuhema, Gobo hakumtazama yeye wala mzee. Aliliendea bakuli lake la maji, akanywa.

Fusae alimtazama akinywa mpaka machozi yakamzuia kuona. Kisha akaweka kiganja tumboni mwa mbwa, kama kila siku, akapima kama saa ya kumkamua imefika.