Jike la Pete Nyekundu

Tulia alirudi kwao Bulyaga, Tukuyu, mwezi wa tano, baada ya miaka miwili katika kisiwa kidogo cha Pasifiki. Huko aliajiriwa kuwatunza ndege wa jamii ya mdiria, yule mvuvi wa mtoni mwenye mdomo mrefu, ila hawa hawapatikani kwingine duniani. Wiki ya kwanza majirani walikuja kumsalimu. Waliuliza kama huko kuna baridi kama Tukuyu, kama watu wanakula ndizi, kisha wakarudi mashambani. Hakuna aliyeuliza habari za ndege.

Naye alikuwa na mengi. Kwamba ndege wale, weupe kichwani, buluu mabawani, hawavui samaki. Hukaa kimya tawini, wakiona mjusi humshukia. Kwamba dume na jike hutoboa kwa midomo shina la mnazi uliokufa, jike akataga humo, nao wakalalia mayai kwa zamu. Kwamba waliobaki wote hawafiki mia mbili.

Jumanne asubuhi, mvua ikinyesha, ujumbe uliingia kutoka kwa mwenzake wa kazi aliyebaki kisiwani. Jike mwenye pete nyekundu mguuni, alama ya kumtambua ambayo Tulia alimvalisha kwa mkono wake, alikuwa ameuawa na paka. Dume wake alikuwa bado anaita pale mnazini, siku ya nne sasa.

Mama yake, Atuganile, alikuwa akimenya ndizi jikoni. Alimtazama usoni, akauliza ni nani amefariki.

"Ni ndege, mama."

Tulia alidhani mama atacheka. Mama aliendelea kumenya, akauliza huyo ndege alikuwa akila nini, aliacha watoto? Tulia akamweleza yote, hata makinda wawili waliofukuzwa na wazazi wao mara tu walipojua kuwinda, maana ndivyo walivyo.

"Huko kisiwani kuna mtu wa kulia naye," mama alisema. "Hapa huna. Pole, mwanangu."

Mvua ilipokatika, mama alichukua jembe akaenda shambani. Tulia alimwandikia mwenzake kuuliza kama dume anakula. Mtandao ulisumbua, ikabidi apande hadi juu, karibu na kanisa, ndipo ujumbe ukaenda. Kule kisiwani bado ilikuwa Jumatatu usiku, watu wamelala.

Alisubiri hadi adhuhuri. Jibu halikuja, akashuka kumsaidia mama kupalilia maharage.