Adobo ya Nardo

Kila Jumamosi Ludivina na wenzake walikutana nyuma ya nyumba ya Nardo, karibu kabisa na bahari. Krispina aliuza mikate, Efren alikuwa fundi wa mapaa, na pwani ile ya Katanduanes, kisiwa cha vimbunga huko Ufilipino, fundi wa mapaa hakosi kazi. Nardo alipika. Wengine walileta pombe ya mnazi na midomo yao.

Wiki ile kimbunga kilipita Jumatano. Mto ukatapika kila kitu ufukoni: nepi, ndala, kuku waliovimba. Uvundo uliingia hadi kwenye mito ya kulalia. Ludivina alisukuma matope nje ya chumba chake cha cherehani, kitambaa puani, na jioni akamsaidia jirani yake mjane, bibi Salud, kumtafuta nguruwe wake. Mjane yule alikuwa na nguruwe mmoja tu, jike mwenye sikio lililochanika, aliyefugwa kwa ajili ya harusi ya mjukuu. Hawakumpata.

Jumamosi jua likatoka. Nardo akawaita: njooni, kuna nyama. Walikuwa wamechoshwa na samaki wa kopo, hakuna aliyeuliza imetoka wapi.

"Leo siki umemwaga debe zima," Krispina alisema, akipakua adobo, nyama iliyochemshwa kwa siki.

"Siki ni dawa. Kula, mwanamke!"

Ludivina alikula vipande viwili. Nyama ilikuwa laini mno, na chini ya siki na kitunguu saumu kulikuwa na utamu mbaya ulioganda kwenye fizi. Akajiambia ni pua yake tu, bado ina matope. Akaenda kunawa kwenye pipa. Pembeni palikuwa na gunia lililojaa nzi wa kijani. Akalifunua.

Kichwa kilikuwa cha rangi ya kijivu, jicho limetoka nje, ulimi umevimba. Sikio la kushoto lilikuwa limechanika.

Alitapika mpaka hakuna kilichobaki ila nyongo, kisha akarudi kwa wenzake.

"Nardo, huyu ni nguruwe wa bibi Salud."

"Alikuwa wake. Bahari imenipa mimi."

"Ulimwokota lini?"

"Jana, pale mto unapoingia baharini."

"Mzoga! Umetulisha mzoga!"

"Palipoharibika nilipaondoa, kisha nikachemsha mara mbili. Dada Ludi, si ulikuwa unalamba vidole?"

Efren aliangua kicheko, mafuta yakimtiririka kidevuni. Krispina alitazama sahani yake, akasita.

"Mimi nimeshakula, shoga," akasema. "Nikitapika ndiyo atafufuka?" Akachukua kipande kingine, akakitafuna taratibu.

"Hata bibi mwenyewe nimempelekea bakuli asubuhi," Nardo akaongeza. "Alinishukuru mpaka machozi."

Ludivina alikimbia. Alimkuta bibi Salud kibarazani, bakuli limefunikwa kwa jani la mgomba.

"Nimeonja kidogo, iliyobaki ni ya mjukuu," bibi akasema. "Nardo ana roho nzuri."

"Bibi, usimpe mjukuu. Imeoza. Na hiyo nyama ni ya nguruwe wako."

Mjane alichukua bakuli, akapita kwenye matope peku hadi nyuma ya nyumba ya Nardo, akalimwaga kwenye mkeka, katikati ya vikombe vyao.

"Nipe kichwa chake," alisema. "Nikakizike."

Nardo akampa gunia bila kumtazama. Efren hakuwa anacheka tena. Ludivina na bibi walichimba shimo nyuma ya zizi tupu la bibi, wakipokezana jembe.

Kesho yake wenzake Ludivina wote matumbo yaliwachafuka. Nardo alilala mkekani akijiharishia, na Efren ndiye aliyekuja kuomba msaada. Ludivina aliwapelekea maji ya chumvi na sukari, akaweka ndoo mlangoni, akaondoka bila hata kuwasalimu.

Jumamosi iliyofuata Krispina alisimama kwenye dirisha la Ludivina, akila mkate.

"Utanuna mpaka lini, shoga? Ni nguruwe tu. Twende, leo kuna samaki wabichi."

Ludivina alitazama ile midomo ikitafuna, mate ya kichefuchefu yakamjaa kinywani.

"Sijanuna," alisema. "Ila nikiwaona mnakula, natapika."

Akainamisha kichwa, akakanyaga cherehani.