Kimea cha Mfukoni

Brynjulv, mume wangu, alifariki Jumanne. Ijumaa nikasafisha kinu chake cha kusagia kimea, na kosa hilo ndilo nitakalolieleza, maana mengine yote watu wameshayaeleza vya kutosha.

Nilikuwa nimeshasafisha kila kitu. Mapazia, jiko, viatu vyake, hata ngazi ya ghalani ambayo hakuna anayeipanda. Sikulia. Watu walileta keki na supu ya kondoo, wakanishika mikono, wakasema pole, Gudveig, pole sana. Nikasema asante, nikaosha vyombo vyao nikawarudishia vinang'aa. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa. Basi nilipofika kwenye kibanda cha pombe na kukuta kinu kimejaa vumbi la unga, nikakifungua. Nikalegeza skrubu mbili, moja kila upande, nikatoa zile rola mbili za chuma, nikazisugua kwa brashi ya waya mpaka zikawa mpya. Nikazirudisha. Ndipo nikasimama na bisibisi mkononi nikijiuliza: zilikuwa zimeachana kiasi gani?

Brynjulv aliuweka upenyo ule mwaka tuliooana, akakaza skrubu, hakuzigusa tena kwa miaka thelathini na moja. "Hapo usiguse, mke wangu," alikuwa akisema. "Hata kwa kitambaa." Kila pombe aliyopika, iwe ya Krismasi au ya ubatizo, kile kipimo cha kioo kinachoelea, cha kupimia utamu wa maji ya kimea, kilisimama kwenye sabini na mbili. Majirani walimtania kwamba hata akipika huku amelala itatoka ileile. Ileile ndiyo ilikuwa fahari yake. Na mimi nilikuwa nimeifuta kwa brashi, kwa sababu tu kukaa kitini kulinishinda.

Kwetu mtu hazikwi bila pombe iliyopikwa nyumbani kwake. Mazishi yalikuwa baada ya siku tisa, na kimea kilichobaki ni magunia matatu. Nilitaka watu wanywe pombe ya Brynjulv, siyo pombe ya mjane wake. Hilo tu. Hata hilo nililitaka kama mtu anavyotaka kumaliza kupiga pasi.

Gunia la kwanza nililisaga kwa kukisia. Punje kibao zikapita nzima nzima. Kipimo kikasimama hamsini na nane, nikaimwaga yote nyuma ya banda. La pili nikabana rola. Kimea kikatoka unga mtupu, maganda yamesagika, na maganda ndiyo yanayochuja. Nilipokitia kwenye pipa juu ya matawi ya mreteni na kukimiminia maji ya moto, kikawa ugali. Halikushuka tone. Nikakaa nikitazama bomba kwa saa mbili. Hasira hata haikuja, na mimi nina hasira za karibu, muulizeni yeyote. Hapo niliogopa kidogo.

Ndivyo alivyonikuta Arngeir, mdogo wake Brynjulv.

"Lo, shemeji! Unapika pombe au unajenga ukuta?"

"Unataka nini?"

"Nimeleta koti la kaka. Nililiazima siku ile ya mvua." Akaliinua. Lilikuwa koti lake la kazi, la bluu, viwiko vimechakaa. "Sijalifua. Usianze kunigombeza."

"Wiki tatu unalikalia koti la mtu."

"Si ndiyo nalirudisha?"

"Mwenyewe hayupo, ndiyo unalirudisha. Huna haya, Arngeir."

Akainamisha kichwa. Macho yake yalikuwa mekundu. Yeye alikuwa amelia dukani, amelia kwa mchungaji, amelia hata akiwa kwenye foleni posta. Nilimwonea wivu, kusema kweli.

"Basi angalau nilikung'ute," akasema. "Mifuko imejaa takataka." Akasimama mlangoni, akaingiza mkono mfukoni, akaanza kuupindua nje.

"Koma! Arngeir, usimwage! Koma!"

Akaganda. Mimi pia nikaganda, maana nilikuwa nimekumbuka. Kila aliposaga, Brynjulv alikinga kiganja chini ya kinu, akachukua konzi moja, akaisogeza dirishani, akapuliza unga, akatazama. Kisha, badala ya kuirudisha ndooni kama mtu mwenye akili, akaitia mfukoni. Miaka thelathini na moja nimegombana na mfuko ule. Mashine yangu ya kufulia imeziba mara mbili kwa ajili yake. Na koti hili, kati ya nguo zake zote, ndilo pekee ambalo mkono wangu haukulifikia.

Nikaleta sahani nyeupe. Tukaupindua mfuko juu yake polepole. Zikatoka nyuzi, msumari, na konzi moja ya kimea kilichosagwa. Maganda yalikuwa yamepasuka kwa urefu lakini hayakukatika. Ndani yake punje zilivunjika vipande vitatu, vinne. Unga kidogo tu.

"Zungusha mpini," nikamwambia Arngeir. "Konzi moja tu. Hili ndilo gunia la mwisho."

Akazungusha. Nikakinga, nikalinganisha. Kubwa mno. Nikakaza skrubu kidogo, akazungusha tena. Unga mno. Upande wa kushoto ulikuwa umebana kuliko wa kulia, nikalegeza, ukazidi kulegea, nikaanza upya. Arngeir alitaka kuzungumza, nikamkatalia. Tuliendelea hivyo mpaka jasho likamtoka, na ndoo ya konzi zilizoharibika ikaanza kujaa.

Mara ya kumi na moja nikaweka konzi yangu kwenye sahani, kando ya ile ya Brynjulv. Nikainama. Arngeir naye akainama, akavuta unga puani, akapiga chafya.

Konzi mbili zikawa moja.

"Mungu wangu," akasema. "Shemeji, nisamehe. Sikukusudia."

Nikachukua ganda moja, nikalitazama dirishani. Nikachukua jingine. Nilijaribu kuyatenganisha yaliyokuwa yake Brynjulv na yaliyokuwa yangu, nikajaribu kweli, kucha kwa kucha. Sikuweza.

"Kaza skrubu," nikamwambia. "Zote mbili. Usizilegeze."

Tukasaga gunia lote. Sahani nayo nikaimimina ndani ya pipa. Safari hii maji yalishuka yenyewe, mekundu, yakinukia mreteni, na nilipotia kipimo kikapanda na kushuka, kikatulia. Sabini na mbili. Arngeir akakitazama mara mbili, akavua kofia.

Ikabaki hamira. Hamira yetu haitiwi kimya. Anayeitia hupiga ukelele juu ya pipa kwa nguvu zake zote, la sivyo pombe hutoka dhaifu. Hata mchungaji analijua hilo. Brynjulv alipopiga wake, mbwa wa ng'ambo ya ziwa walibweka. Mimi sijawahi, ilikuwa kazi yake, na yale mapipa mawili niliyoyaharibu hayakufika hapo.

"Haya, shemeji," Arngeir akasema. "Kwa nguvu. Usimwaibishe kaka yangu."

Nikamimina hamira kwenye yale maji ya uvuguvugu. Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu, nikasimama pale kinywa wazi kama samaki. Kisha kikatoka. Sikujua nina kitu kikubwa namna ile ndani. Ng'ambo ya ziwa mbwa wakaanza kubweka. Pumzi ikaisha, nikavuta nyingine, nikapiga tena, na machozi yakawa yanadondoka ndani ya pipa. Brynjulv wangu, miaka thelathini na moja, na mimi nikamgombeza kwa ajili ya mfuko.

Arngeir akanishika bega.

"Basi, shemeji," akasema. "Imetosha. Itakuwa kali."

"Bado," nikamwambia, nikavuta pumzi.