Choo Kilichosimamishwa Kazi

Choo cha kiwanda cha magodoro kilisimamishwa kazi Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi, kwa barua rasmi. Barua ilibandikwa mlangoni kwa gundi ya sponji, ile ambayo ikishika haibanduki, nayo ilisema kwamba mtajwa anatuhumiwa kuwaambukiza wafanyakazi ugonjwa wa kisonono, hivyo anasimamishwa kupisha uchunguzi wa kamati. Nakala alipewa mlinzi na nyingine mtunza stoo. Mtajwa mwenyewe hakutakiwa kusaini, na hilo ndilo jambo pekee la busara lililofanyika pale wiki nzima.

Aliyeumia ni Mama Deki. Hilo ndilo jina walilompa kiwandani, kwa kuwa kwa miaka kumi na moja hakuna aliyewahi kumwona bila ndoo na tambara la kudekia. Choo kile kilikuwa cha kukalia, kimoja tu kwa watu wote, naye alikisugua asubuhi, mchana na jioni mpaka watu wakawa wanaona haya kukichafua. Aliisoma barua mara mbili, akasonya.

"Miaka kumi na moja," alisema, "hakijachelewa kazini hata siku moja."

Chanzo cha yote kilikuwa mkata sponji. Huyu alikuwa mkwe wa Mama Deki, mume wa binti yake wa pekee, kijana mtanashati anayepiga pasi hata shati la kukatia sponji. Majuma mawili nyuma alianza kukaa chooni muda mrefu. Mama Deki, akiwa nje na ndoo yake, alimsikia akikojoa kwa awamu: matone, kisha "uwii", kisha kimya, kisha matone tena. Siku ya tatu, mkwe alipotoka tu, Mama Deki aliingia kumwaga kapu la taka. Akakuta karatasi zenye usaha wa manjano, na chini yake kadi ya zahanati iliyokunjwa mara nne. Kadi ilisema: *Mpe mwenza wako. Aje atibiwe hata kama hajisikii mgonjwa.* Kadi kama hizo alikuwa ameshaziokota sita tangu mwaka uanze, na hii ikawa ya saba. Waume walikuwa wanatibiwa kimyakimya, na kadi za wake zao zinaishia kapuni.

Meneja alipomuuliza mkata sponji kwa nini saa za kazi anazimalizia chooni, angeweza kusema tumbo. Angeweza hata kusema jino. Alisema amepata kisonono, na amekipata kwenye hichohicho choo. Kabla ya mchana dereva wa lori naye akasema ni choo. Mtunza stoo, choo. Msimamizi wa zamu, aliyekuwa akijikuna tangu mwaka jana, alishukuru kwa kupata jibu. Mlinzi, ambaye dunia nzima inajua kwamba hujisaidia nyuma ya ukuta, alisema yeye aliambukizwa na harufu tu ilipokuwa inapita. Mficha maradhi kifo humuumbua, wamesema wahenga, lakini wahenga hawakuwahi kuona maradhi yakifichwa kwa kufungulia choo kesi.

Jioni ya Jumatatu ile ya barua Mama Deki alikwenda zahanati. Nesi, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta, alimsikiliza mpaka mwisho bila kucheka.

"Kijidudu cha kisonono kikitoka mwilini hakidumu, mama. Kikalio cha choo hakimwambukizi mtu. Kisonono kinapita kati ya mtu na mtu, wanapolala pamoja bila kondomu, basi. Mwanamume ataungua, atatokwa na usaha, atakuja hapa mbio. Lakini wanawake wengi hawasikii kitu."

"Na kama ni mjamzito? Wa miezi saba?"

Nesi aliacha kuandika. "Mtoto akipita pale wakati wa kuzaliwa, kinamwingia machoni. Asipotibiwa upesi anaweza kupofuka. Ni nani huyo?"

"Binti yangu."

"Mlete. Anatibika kabisa. Ila mlete, mama, usinicheleweshee."

Mama Deki alikwenda kwa binti yake usiku haujaingia. Binti alikuwa amekaa kwenye mkeka akikunja nguo za mtoto, vifulana vidogo visivyozidi kiganja.

"Mwanangu, twende zahanati ukapime."

"Kupima nini? Mimi siumwi. Na mume wangu kaniambia yote mwenyewe, hajanificha. Kakaa kwenye choo chako, kapata, katumia dawa, kapona. Wangapi wana mume mkweli hivyo?"

"Choo hakiambukizi, mwanangu."

"Ahaa. Kwa hiyo kiwandani unakitetea choo, nyumbani unamsema mkweo."

Kumwambia binti mwenye tumbo la miezi saba kwamba mumewe anatembea nje, ushahidi wenyewe ni karatasi ya kapuni, ni kazi nzito kuliko kudeki kiwanda kizima. Siku ya pili alirudi, binti hakufungua mlango. Alisemea dirishani kwamba anasubiri uamuzi wa kamati. Na mkwe alipobanwa kwenye korido, aliinamisha kichwa kwa adabu kubwa, akasema, "Shikamoo, mama," akapita. Siku ile alimwamkia mama mkwe wake mara sita.

Alhamisi kamati ilikaa. Ilikaa mlangoni mwa choo, kwa sababu mtuhumiwa hakuweza kuhamishwa, na wajumbe walikalia magodoro yaliyopangwa matatu matatu. Meneja ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Naye alikalia tako moja, kisha lingine, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Wake wa wafanyakazi walialikwa wasimame nyuma, wasikie kwa masikio yao kwamba waume zao ni watu safi. Binti wa Mama Deki alikuwa mstari wa mbele.

Dereva alitoa ushahidi kwanza. "Mimi nina familia yangu na heshima zangu. Nilikikalia mara moja tu."

"Mara moja?" Mama Deki alidakia. "Na zile siku ishirini za mwezi unazolala safarini?"

"Mama Deki, usimtishe shahidi," alisema meneja.

"Basi niulize la kwangu. Mimi nimekishika kwa mikono hii miaka kumi na moja. Mbona sina?"

Wajumbe walinong'onezana. Mtunza stoo akasimama. "Kimekuzoea," alisema, na katibu akaandika kwamba kimemzoea.

Mwishowe meneja, akifuata utaratibu, alikiuliza choo kama kina la kujitetea. Watu walingoja dakika nzima. Ndani, bomba lilidondosha tone moja, na katibu aliandika hilo pia.

Mama Deki alisimama. Kadi saba zilikuwa mfukoni mwa aproni, na alikuwa amekusudia kuzimwaga chini mbele ya wote, kila mwanamume aione yake. Ndipo alipomtazama binti yake. Binti alikuwa ameinua kidevu, amekaza macho, vilevile alivyokuwa akikaza udogoni anapokataa dawa. Mama Deki akaelewa: akimuumbua mkwe hapa mbele ya watu, binti atamtetea mumewe mpaka siku ya uchungu, na zahanati hataikanyaga. Mkono ukatoka mfukoni mtupu. Moyo ulimuuma, maana alikuwa anajua anachokitupa. Akapiga moyo konde.

"Mheshimiwa mwenyekiti," alisema, "choo kina hatia."

Wanaume walishusha pumzi kwa pamoja.

"Nakijua kuliko ninyi nyote. Kinaambukiza. Anayekikalia anaupata ugonjwa. Anayelala na aliyekikalia anaupata. Mwanamume atalia, lakini mwanamke hasikii chochote, anakunja zake nguo za mtoto, mpaka siku mtoto anatoka na macho hayaoni."

Huko nyuma wanawake walianza kusukumana. Binti, ambaye kila mchana humletea mumewe chakula, na kwa tumbo lile haondoki bila kuingia chooni, alijishika tumbo kwa mikono miwili.

"Mimi ndiye niliyekitunza, lawama nitabeba," Mama Deki aliendelea. "Ila wote waliokikalia, pamoja na wake zao, wapelekwe zahanati leo. Au kuna aliyetudanganya hapa kwamba alikikalia?"

Msimamizi wa zamu aliacha kujikuna. Dereva alianza kukagua viatu vyake. Mkata sponji alitaka kuamkia, akakosa wa kumwamkia.

"Labda wiki ijayo," alisema meneja, "tukishajipanga."

"Leo," ilisema sauti kutoka nyuma. Ilikuwa ya mke wa meneja.

Barua ya kufukuzwa kazi Mama Deki alipewa palepale, kwa kosa la kufuga choo chenye maradhi. Aliisaini juu ya boneti ya lori, akapanda na wenzake. Watu arobaini na mmoja walikwenda zahanati wamekalia magodoro mapya, na nailoni zake zililia njia nzima kila mtu alipojigeuza.

Nesi alipoliona lori aliwaita wanawake kwanza, mmojammoja, akafunga mlango. Aliwapima kisonono, kaswende na virusi vya Ukimwi kwa mpigo, maana wageni wa namna ile hawaji mara mbili. Alichowaambia hakikusikika nje, ila nyuso zilisema. Mmoja alitoka anacheka kicheko kibaya. Mke wa meneja alitoka, akamwendea mumewe na kumwomba funguo za gari, za nyumba na za ofisi. Boksi la kondomu lililokuwa kwenye meza ya korido lilibaki tupu kabla wanaume hawajaanza kuitwa, na hakuna aliyemwona mtu akichukua.

Binti alikaa ndani kuliko wote. Alipotoka alikuwa anachechemea kidogo kwa sindano. Akaketi kwenye benchi kando ya mama yake.

"Ninacho," alisema. "Nesi anasema nimewahi. Mtoto atakuwa salama."

Mama Deki alifumba macho.

"Kaniambia na mengine, mama. Hakuna choo kinachoambukiza. Ulijua. Miaka kumi na moja, ukaitupa kwa uongo mbele ya watu wote."

"Ukweli nilikuletea nyumbani mara mbili, mwanangu. Mara ya pili ukaniacha mlangoni."

Binti alilia, akalia kwa sauti kama wanavyolia watu msibani, na mama yake alimshika bega bila kumnyamazisha. Kisha binti alijifuta uso kwa ncha ya kanga, akainuka akishikilia kiuno, akaenda mpaka kwenye lori. Wanaume wote walikuwa wamerudi juu kungoja kuitwa, kila mmoja na godoro lake, viatu vimerundikwa chini. Mumewe alikuwa pembeni.

"Mume wangu," alisema, na sauti ilifika mpaka barabarani, "nesi anasema mimi na wewe tukipona wawili haitoshi. Tutaambukizwa tena. Anataka na choo kije kitibiwe."

Mkata sponji alimtazama mama mkwe, akatazama wenzake. Hakuna aliyemsaidia.

"Kinakaa wapi?" aliuliza binti. "Shuka ukakilete. Nitakungoja hapa na mama."

Mkata sponji alishuka kwenye lori, akaanza kutafuta viatu vyake.